Chumvi ya Kambini

Juzi huko Litein, kwenye ofisi ya vitambulisho, karani alimwambia mama mzee kwamba mahali alipozaliwa hapapo tena. "Hiyo kambi ya wachuma chai ilibomolewa, gogo," akasema, akimwita bibi kwa Kikipsigis. "Siku hizi ni majani tu. Nani atashuhudia ulizaliwa huko?"

Nyuma yake kwenye foleni, mzee mmoja aligonga ukuta mara mbili.

"Chumvi imeisha!" mama akajibu kabla hajageuka.

Kumbe nyumba za kambi zilipakana kwa ukuta mmoja, na jirani aliomba chumvi kwa kugonga.

"Andika mimi ndiye shahidi," mzee akasema huku akicheka. "Na uandike leo ndiyo mara ya kwanza huyu kuninyima."

Karani akaandika. Mimi nikigonga ukuta wangu, jirani ataita polisi.