Siku Laptop za Mwalimu Shomari Zilipogoma Kuamka

Pale Mkuza, Kibaha, watu wengi wanamjua Castory Komba kwa sababu ya bucha. Alikwenda siku moja kununua nyama, akamwuliza muuzaji ng'ombe huyo amechinjwa wapi, amechinjwa na nani, na kama ngozi yake ipo aione. Muuzaji akacheka, akidhani ni utani. Castory akasubiri. Foleni nyuma yake ikarefuka, mama mmoja akaanza kusonya, mwishowe ngozi ikaletwa. Castory akaitazama huku na huku, akashukuru, akanunua nusu kilo yake ya steki na kwenda zake.

Hakuwa mkorofi. Alikuwa Mngoni wa Peramiho aliyekuja mjini kijana, akafanya kazi ya masijala katika ofisi moja ya serikali Dar es Salaam mpaka akastaafu. Mkewe Laurensia, muuguzi mstaafu, alikuwa na maelezo yake.

"Kazi ndiyo iliyomharibu," aliwaambia majirani. "Maisha yake yote alishika mafaili yenye mhuri wa siri, na haruhusiwi kuyafungua. Sasa kastaafu, anataka kufungua kila kitu. Juzi kafungua pasi."

Pasi haikupona. Lakini alipoanza kufungua laptop yake, bahati ilimpeleka kwa Firdausi, dada mwenye kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta eneo la Picha ya Ndege. Firdausi alikuwa mzaliwa wa Kisarawe, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa mdomo. Ukimletea tatizo lolote, kabla hujamaliza kueleza alishasema, "Hiyo nyepesi."

"Shikamoo mzee. Leo umefungua nini?"

"Marahaba. Leo nina swali tu. Hii mashine nikiiwasha, kabla sijaona kitu chochote kwenye kioo, nani anaiamsha?"

Firdausi akageuza laptop iliyokuwa wazi mezani na kumwonyesha kidude cheusi, kidogo kama kunguni, kilichokaa kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya ndani. "Ndani ya hii chipu kuna programu. Umeme ukiingia, yenyewe ndiyo ya kwanza kuamka. Ikishaamka, inaamsha wengine."

"Imeandikwa nini humo ndani?"

"Ah, mzee, hiyo siri ya kampuni."

Alipolisema neno hilo tu, akajua amekosea. Castory alivuta kiti. Hakuondoka mpaka Firdausi alipomweleza kwamba iko programu nyingine ya kuwashia kompyuta, programu huria, iliyoandikwa na watu wa nchi mbalimbali, na kila mstari wake uko wazi mtandaoni kwa yeyote anayetaka kuusoma. Castory alisikiliza kama mtu anayehadithiwa habari za kwao.

Wakakubaliana aiweke kwenye laptop yake. Firdausi akachomeka kibanio chake kwenye ile chipu, akaanza kuandaa programu, na Castory akakaa nyuma ya bega lake akisoma kila swali lililotokea kwenye kioo. Likaja swali kuhusu maikrokodi.

"Hii ni kitu gani?"

"Ni maelekezo madogo ya waliotengeneza prosesa, ule ubongo wa mashine. Yanaingia ndani ya prosesa kila ukiiwasha."

"Yanasomeka?"

"Hayasomeki. Yamefungwa. Ila wengi wanaweka, mzee."

"Wengi wananunua mbuzi kwenye gunia. Toa."

Firdausi akatoa. Laptop ikawaka vizuri, na Castory akaibeba kurudi Mkuza akitembea kama amebeba mtoto aliyetoka kubatizwa.

Nyumbani mambo hayakuwa mazuri sana, ila hakumwambia mtu. Akiizima laptop, akasubiri, akaiwasha, ilikuwa haina neno. Lakini akiiamuru ijizime na kujiwasha yenyewe kwa mkupuo, kioo kilibaki cheusi, feni inavuma, hakuna kinachoendelea. Ilibidi achomoe betri.

"Ni umeme," alisema mara ya kwanza.

"Umeme upo," alisema Laurensia.

"Basi ni fundi Telesphory na mashine yake ya welding. Inavuruga umeme wa mtaa mzima."

"Telesphory hayupo. Kaenda msibani Iringa."

Castory akafikiri. "Joto," akasema, na habari zikaishia hapo.

Ndipo akaja Mwalimu Shomari. Huyu alikuwa mjomba wake Firdausi, mwalimu mstaafu wa Kisarawe, mtu mrefu mwenye sauti ya kuita mchakamchaka. Alikuwa amegeuza banda lililokuwa na mashine ya kusaga kuwa chumba cha kusomea kwa watu wa kijiji chake, na wafadhili fulani wakampa laptop za zamani, dazeni nzima. Tatizo ni kwamba zote zilifungwa kwa nywila tangu kwenye ile programu ya kuwashia, na waliozijua nywila hizo hawakujulikana walipo.

"Hiyo nyepesi," alisema Firdausi. "Tunang'oa programu yote tunaweka huria. Na msaidizi ninaye."

Castory alikubali kwa sharti moja: ile maikrokodi isiingie hata kwenye moja. "Hiki ni chumba cha kusomea," alimwambia Shomari kwa uzito. "Watu hawawezi kusomea kwenye kitu kisichosomeka."

Mwalimu Shomari hakuelewa neno lolote, lakini sentensi ilimpendeza. Akairudia mara mbili na kusema ataitumia kwenye hotuba.

Walifanya kazi ile barazani kwa Shomari, huku mkewe, Mwanahalima, akiwaletea mihogo ya nazi na kuwauliza kama hizo mashine zinaumwa au zinatahiriwa. Kila laptop iliyomalizika, Firdausi aliiwasha. Imewaka? Imewaka. Anaizima, anashika nyingine. Castory aliona kwamba hawajaribu ule mkupuo wa kujizima na kujiwasha. Akafungua mdomo aseme. Kisha akakumbuka kwamba laptop yake ni suala la joto, na Kisarawe kuna upepo mzuri. Akala muhogo.

Siku ya ufunguzi turubai lilifungwa, viti vya plastiki vikapangwa, na mgeni rasmi, diwani Mashaka, akafika amevaa suti ya kaunda iliyonyooshwa vizuri. Firdausi alikuwa ameandaa kitu cha kuwafurahisha watu. Aliunganisha laptop zote kwa waya, akatengeneza kitufe kimoja kwenye kompyuta yake. Mgeni rasmi akikibonyeza, laptop zote zitajizima na kujiwasha kwa pamoja, halafu kila moja itaonyesha herufi moja, na zikisomwa kwa mstari zitaandika KARIBUNI SANA.

"Mzee Castory, si umehesabu herufi?" alimnong'oneza.

"Zimetimia," alijibu Castory, na hapo ndipo alipoelewa kitufe kitafanya nini. "Firdausi, hivi... zitajiwasha zenyewe?"

"Zenyewe."

"Kwa mkupuo?"

"Ndiyo uzuri wake, mzee! Hiyo nyepesi."

Mwalimu Shomari alikuwa ameshamaliza hotuba, ikiwemo ile sentensi, iliyopigiwa makofi. Diwani akanyanyua kidole juu ili apigwe picha. Akabonyeza.

Laptop zote zikazimika kwa pamoja, vizuri kabisa. Feni zikavuma. Vioo vikabaki vyeusi.

Watu wakasubiri. Diwani akabaki na kidole chake hewani, akitabasamu kwa mpiga picha. Mtu mmoja nyuma akauliza, "Ndiyo yenyewe?" Mwenzake akamjibu, "Nyamaza, bado." Mzee mmoja wa mstari wa mbele, kwa adabu, akaanza kupiga makofi, na wengine wakamfuata, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa mshamba asiyejua kompyuta zinavyofunguliwa. Kikundi cha ngoma kilichoambiwa kianze kikisikia makofi kikaanza. Akina mama wakaingia uwanjani. Katikati ya vifijo vile Firdausi alikuwa chini ya meza akitoa betri, na Castory chini ya meza nyingine akitoa betri, wakaangaliana kupitia miguu ya viti.

"Mzee," alisema Firdausi, "laptop yako ya nyumbani huwa inafanya hivi?"

Castory akavuta betri nyingine.

"Mzee Castory!"

"Nilidhani ni joto."

Aliyewaokoa ni Mwanahalima, aliyesimama mlangoni na kutangaza kwamba pilau iko tayari na ikipoa hapiki tena. Turubai zima la watu likahamia kwenye pilau, diwani akiwa wa kwanza. Baadaye alimpongeza Shomari kwa shughuli nzuri, akauliza tu kama vile vioo vinatakiwa kuwa vyeusi hivyo. Shomari akasema hiyo ni hatua ya awali.

Castory alirudi Kibaha nyuma ya bodaboda kupitia Kiluvya, na vumbi lote la njia lilimkuta mdomo umefungwa. Kesho yake asubuhi akafungua ukurasa wa mtandaoni kuhusu maikrokodi, ule alioutegemea alipoweka lile sharti la laptop za Shomari. Aliwahi kuusoma, ila aliishia pale uliposema maikrokodi ni faili lililofungwa. Hapo alikuwa amepata alichotaka. Safari hii akaendelea chini. Aya zilizofuata zilieleza kwamba kila prosesa hutoka kiwandani ikiwa na maikrokodi yake ndani, nayo imefungwa vilevile, na ina makosa. Faili lile alilolikataa ni masahihisho ya makosa hayo. Prosesa haiwezi kuyakumbuka umeme ukikatika, ndiyo maana hupewa upya kila inapoamka.

Akavua miwani.

"Kumbe siri ilikuwamo tangu mwanzo," alimwambia Laurensia. "Nilichokitoa mimi ni masahihisho tu."

Laurensia alikuwa akichambua mchele. "Vile vidonge vyako vya presha, uliwahi kuvifungua?"

"Nilifungua."

"Ukaona nini ndani?"

"Unga mweupe."

"Na unaumeza kila asubuhi."

Castory akavaa tena miwani, akatoka kwenda Picha ya Ndege.

Kwa Firdausi alisimama nje ya kibanda kama mtoto aliyevunja sahani. Akaeleza yote: ukurasa, masahihisho, na laptop yake iliyokuwa ikigoma muda wote ule. Firdausi alitaka kukasirika, lakini alishindwa.

"Na mimi nimo, mzee. Fundi gani anafunga kazi bila kujaribu restati, huo mkupuo wenyewe? Wenzangu wakisikia, nimekwisha." Akasukuma kiti kwa mguu. "Kaa. Tunaandaa upya."

Walirudi Kisarawe na programu mpya, safari hii na faili la masahihisho ndani yake. Waliiweka kwenye laptop ya kwanza, wakaiamuru ijizime na kujiwasha. Kioo kikawa cheusi. Mwalimu Shomari akashika kifua. Kisha mwanga ukatokea, na Shomari akapiga kelele iliyowatoa kuku barazani. Wakaendelea na nyingine, zikawa zinaamka moja baada ya nyingine.

Isipokuwa mbili za mwisho. Hizo ziligoma vilevile kama siku ya diwani.

"Hizi zina mashetani," alisema Firdausi. "Kitu nilichoweka ni kilekile."

"Prosesa zake ni zilezile?"

"Mzee, zote ndugu. Umbo moja, rangi moja, mfadhili mmoja."

"Nionyeshe."

Firdausi akavuta pumzi, akafungua. Castory akasogeza miwani, akasoma namba za prosesa kwa sauti, tarakimu kwa tarakimu, kisha akasoma za laptop iliyopona. Hazikulingana. Zile mbili zilikuwa na prosesa za toleo jingine, na kila toleo lina faili lake; ukiipa prosesa masahihisho yasiyo yake, haigombi wala hailalamiki, inayapuuza tu na kuendelea na makosa yake.

"Kama mjomba," alisema Firdausi.

"Nimesikia," alisema Mwalimu Shomari.

Faili sahihi lilipoingia, nazo zikaamka. Mwanahalima, aliyekuwa akiwatazama kutoka jikoni, aliuliza kama sasa zinaweza kutumika au kuna hatua nyingine ya awali. Akaambiwa zinatumika. Akafuta mikono, akakaa kwenye mojawapo, na mtu wa kwanza kusoma katika chumba kile akawa yeye, akitafuta namna ya kuzuia wadudu kwenye mihogo, na asitake kunyanyuka Shomari alipoomba chai.

Siku hizi Castory ndiye anayefuatilia masahihisho mapya yanapotoka. Huangalia ni ya prosesa zipi, huyajaribu kwanza kwenye laptop yake kwa mkupuo mara kadhaa, halafu hupanda bodaboda kwenda Kisarawe, ambako hulishwa mpaka hawezi kuinama mezani. Laurensia naye ameanza kufuatana naye, anasema anakwenda kupima watu presha, lakini muda mwingi yuko jikoni kwa Mwanahalima wakicheka mambo ambayo waume zao hawaambiwi.

Jambo moja linamkera bado. Masahihisho yakitoka, maelezo yake huwa mafupi mno: yanasema kuna kosa limerekebishwa, basi. Mwezi uliopita aliwaandikia watengenezaji barua pepe, kwa Kiswahili cha ofisini, yenye kumbukumbu namba na kichwa cha habari kilichopigiwa mstari, akiomba kwa heshima na taadhima aelezwe kosa lenyewe lilikuwa lipi, na nani alilifanya.

Hawajajibu. Firdausi anasema hawatajibu kamwe. Castory anasema barua za namna hiyo huchukua muda, kwa sababu lazima kwanza zipite masijala.