Bunduki ya Kitako Kilichokatwa: Lucia wa Sibwesa Achagua Silaha ya Kulinda Mahindi

Sibwesa bado haijaamka vizuri, lakini debe la Lucia Malale limeshaamka. Analipiga kwa kijiti pembeni mwa shamba la mahindi linalopakana na msitu, huku akitembea kwenye umande, kitenge kimelowa mpaka magotini.

"Tokaaa! Nimewaona nyie!" anapiga kelele.

Hajaona kitu. Zamani nguruwe pori hawakulijua hilo. Siku hizi wanalijua.

"Wamelizoea," anasema, akionyesha debe lililobonyea kila upande. "Mwaka wa kwanza walikimbia mpaka mtoni. Mwaka wa pili wakawa wanasogea kidogo tu. Sasa hivi mmoja ananitazama, anamalizia hindi lake, ndiyo anaondoka. Kama mgeni aliyeshiba."

Lucia ana miaka arobaini na nne. Ni mlinzi wa mashamba wa kikundi cha wakulima cha hapa kijijini, Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi. Mshahara hana. Kila kaya humpimia madebe mawili ya mahindi baada ya mavuno, na kaya isiyovuna haina cha kumpimia. Msimu uliopita nusu ya kaya hazikumpa kitu, na yeye hakuzidai.

"Ningemdai nani? Wao walilala njaa, mimi nimdai nguruwe?"

Wakubwa wa serikali walishakuja mara mbili. Walipiga picha nyayo, wakahesabu mabua yaliyolala, wakaandika, wakapanda gari. Wakasema kifuta jasho, ile pesa ya kufidia mazao yaliyoliwa, kinakuja. Kama kinakuja kwa miguu, basi kimepotea njia.

Lakini leo Lucia hana muda wa kuwasema. Leo ni siku ya kuchagua bunduki.

Kikundi kimezungushwa misimu mitatu kutafuta kibali cha silaha moja ya kulinda mazao. Hatimaye kimekubaliwa: shotigani moja, na leseni itaandikwa kwa jina la mlinzi. Ikichaguliwa bunduki asiyoiweza Lucia, ulinzi atapewa mtu mwingine. Mwenyekiti wa kikundi, Mzee Masele, hakuficha mtu huyo ni nani. Ni mpwa wake.

Nyumbani, mumewe Mabula anamngoja na uji wa moto.

"Kunywa, mayu," anasema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Usiende kubeba chuma na tumbo tupu, watasema mume wako hakulishi."

Lucia anacheka, anakunywa amesimama. Nyumba yenye mtu wa kukungoja na uji ni utajiri mkubwa, na anayeujua vizuri ni yule ambaye hanao tena.

Bunduki alifundishwa Kasokola, nje kidogo ya mji wa Mpanda, na Mzee Antoni. Antoni ni wa familia zilizotoka Burundi zamani, na kwa miaka mingi alifanya kazi kwenye kambi za uwindaji wa watalii. Huko aliona wageni wakifanya mazoezi kwa visahani vya udongo vinavyorushwa hewani. Aliporudi nyumbani alimwambia mkewe, Vénérande, ambaye ni mfinyanzi, amfinyangie vya kwake.

"Nilimwona kama amerukwa na akili," anasema Vénérande. "Mimi nafinyanga chungu kikae miaka, yeye anataka kitu cha kuvunjwa! Nikavichoma vizuri kama vyungu. Risasi inagonga, kisahani kinaanguka kizima. Akaja juu. Sasa navichanganya na majivu, navianika, moto kidogo tu. Vinapasuka kama biskuti."

Vinarushwa kwa manati kubwa ya mti wa panda na mpira wa ndani wa tairi ya baiskeli. Antoni huvuta, huachia, kisahani kikapaa juu ya uwanja wa mazoezi. Mafunzo yote hufanyika askari akiwepo, na risasi zinahesabiwa.

"Kopo lililosimama hata mlevi analipiga," anasema Antoni. "Lakini nguruwe hasubiri. Ukimlenga alipo, unapiga alipokuwa. Kisahani ndiyo mwalimu, mimi mrushaji tu."

Kwa leseni ya uwindaji ya msimu, Lucia anataka pia kuwinda kanga na kwale, ndege ambao hupanda angani ghafla kama kisahani. Kwa hiyo bunduki ya leo lazima ifanye kazi tatu: nguruwe, ndege na visahani. Hakuna atakayempa ya pili.

Uwanjani Kasokola, muuzaji mwenye leseni ametandika turubai na kulaza bunduki tatu. Wanakikundi wamekuja na pikipiki, wamejipanga kama wako mnadani. Mzee Masele amevaa koti la harusi.

Ya kwanza ni ya mitutu miwili, ndefu, mpya, inang'aa. Masele anainyanyua kabla muuzaji hajamaliza kusalimia.

"Hii ndiyo bunduki," anatangaza. "Mtutu mrefu, nguvu ndefu. Baba yangu alikuwa na gobole linamzidi urefu. Akipiga, anaanguka yeye kwanza, halafu mnyama."

Watu wanacheka, lakini wanaamini. Waliokulia kwenye magobole hupima bunduki kwa bega. Ukishindilia baruti nyingi, gobole linakupiga teke. Teke likiuma, wanasema baruti imefanya kazi. Bunduki isiyouma wanaiona ya maonyesho.

Masele anaomba risasi nzito, analenga kopo lililosimama, anafyatua. Kopo linaruka. Masele naye anarudi nyuma hatua kadhaa na kofia inadondoka. Makofi!

"Mmeona?" anasema, akijishika bega. "Isiyokutoa machozi haiui nguruwe."

"Sasa kisahani, Mzee," anasema Antoni taratibu.

Manati inaachia. Masele anapiga mbingu. Cha pili, anapiga mbingu tena. Cha tatu hakufyatua kabisa. Kisahani kilishatua kwenye majani na yeye bado anauzungusha ule mtutu.

"Hivyo vinakwenda mbio bila sababu," analalamika.

Lucia anaipokea, anaiinua begani. Kitako kinanasa kwenye blauzi chini ya kwapa. Anaivuta mbele, anainua tena, kinanasa tena. Mpwa wa Masele anacheka kwa sauti.

"Mayu, hiyo siyo mchi!"

Lucia anaishusha na kuirudisha kwenye turubai.

Ya pili ni nyembamba na nyepesi, ya risasi ndogo za kaliba ishirini. Inapanda begani kwake bila shida, na anavunja kisahani cha kwanza. Wanakikundi wanaanza kunong'ona kwamba hii inamfaa mwanamke. Yeye anamgeukia muuzaji.

"Risasi zake unazo?"

"Za leo ninazo. Nyingine mpaka niagize."

"Mpaka lini?"

Muuzaji anaanza kunyoosha turubai. Antoni anamsaidia: "Za kaliba kumi na mbili ndizo zinazopatikana huku kwetu. Za hii utazisubiri kama mnavyosubiri kifuta jasho."

Inarudishwa.

Ya tatu hakuna aliyeitazama. Ni pampu ya mtutu mmoja, ile ambayo risasi huingizwa kwa kuvuta na kusukuma mshiko wa chini ya mtutu, kaliba kumi na mbili, imetumika, mbao zake zina mikwaruzo. Mtutu wake si mrefu wala si mfupi. Kitako kimekatwa, na mahali kilipokatwa pamefungwa kipande cha mpira. Mwenye nayo wa kwanza alikuwa mtu mfupi, akampelekea fundi wa silaha aikate.

"Hiyo kilema," anasema Masele. "Tumehangaika miaka yote hiyo ndiyo tuje kununua bunduki iliyokatwa mkia?"

Lucia anaichukua. Anamwomba muuzaji amhakikishie kwamba haina risasi, naye anaifungua na kumwonyesha. Halafu Lucia anafanya jambo ambalo kila mkulima pale uwanjani amelifanya maishani mwake: anakunja mkono, anaweka mwisho wa kitako kwenye kiwiko kwa ndani, na kunyoosha kidole kuona kama kinafika kwenye kifyatulio.

Ndivyo Wasukuma wanavyopima mpini wa jembe, kwa mkono wa atakayelima. Mpini wa mtu hauazimwi ovyo. Ukilimia wa mwenzako, jioni mgongo utakuambia.

Kidole kinafika sawasawa.

Wanakikundi wanasogea karibu. Hata mpwa wa Masele anaacha kucheka, maana mpini anaujua.

"Vuta, Mzee Antoni."

Kisahani kinapanda. Bunduki inapanda nacho bila kunasa popote, na kisahani kinageuka vumbi jekundu. Cha pili, vumbi. Cha tatu anakikosa, anasonya, anavuta pampu na kukipata kikiwa kinashuka. Vénérande, aliyekaa kando na kikapu chake, anapiga kigelegele kwa kila kazi yake inayovunjika.

"Inauma?" anauliza mwanakikundi mmoja.

"Inasukuma tu. Uzito wake unameza teke."

"Basi haina nguvu," anasema Masele.

Antoni anatundika mfuko mtupu wa saruji kwenye fremu ya miti. Mdomoni mwa mtutu wa pampu kuna kipande cha chuma kinachofungwa na kufunguliwa kwa mkono. Anaeleza: kikiwa cha kubana, marisau, zile punje za ndani ya risasi, yanakwenda pamoja mpaka mbali, kikiwa cha kulegea, yanatawanyika mapema kwa ajili ya ndege wa karibu. Lucia anafunga cha kubana, anapiga. Antoni anatundika mfuko wa pili, Lucia anafunga cha kulegea, anapiga tena.

Wanakikundi wanaisogelea mifuko kama wanasoma matokeo ya mtihani wa watoto wao. Kwenye wa kwanza matundu yamesongamana katikati. Kwenye wa pili yameenea kote kama mbegu alizomwaga mtu anayejua kumwaga.

"Bunduki moja, Mzee," anasema Lucia. "Kazi zote tatu hizo hapo."

Masele anaunyanyua mfuko wa kwanza juu na kuliangalia jua likipita kwenye matundu. Bega lake bado linamuuma; inaonekana. Kisha anaomba aishike ile pampu. Anaipandisha begani. Kwa mikono yake mirefu kitako ni kifupi mno, na alipojaribu kulenga, kidole gumba chake mwenyewe kikamgonga pua.

Watu wanacheka mpaka wengine wanakaa chini. Masele anajaribu kukasirika, inamshinda, naye anacheka.

"Chukua, mayu," anasema, akimrudishia kwa mikono miwili. "Hii ina mwenyewe."

Mpwa wake, ambaye naye ni mrefu kama mjomba, hakuomba hata kuigusa.

Kura ikapigwa pale pale kwa kunyoosha mikono. Hakuna mkono uliobaki chini, na wa Masele ulinyooka ingawa uchungu wa bega ulionekana usoni. Lucia aliinama kidogo, akasema "wabeja", ahsante ya kwao, halafu akageuka upande wa msitu ili wasione macho yake.

Bunduki imepelekwa kituoni kuandikishwa. Umebaki muhuri mmoja. Muhuri uko mezani, na mwenye meza yuko semina. Nguruwe hawana semina. Wanakuja kila siku kazini. Lakini safari hii wanakikundi wamekataa kungoja wamekaa. Wamepangiana zamu ya kwenda kuulizia, na wa kwanza kujiandikisha ni Masele.

Asubuhi iliyofuata Lucia yuko shambani na debe lake kama kawaida. Mabula amemsindikiza, amebeba kijiti cha pili.

Lucia anasema ana mambo mawili anayoyataka. Antoni anaandaa shindano la visahani Kasokola msimu wa kiangazi, na yeye ataingia. Anataka atangazwe kwa jina lake, Lucia Malale wa Sibwesa, siyo mke wa fulani.

"Hilo la pili?" anauliza Mabula.

Lucia analigeuza debe, analitazama lilivyobonyea, kisha anaanza kulinyoosha kwa ngumi kutokea ndani, bonde moja baada ya jingine.

"Hili halikutengenezwa kupigwa," anasema. "Ni la kupimia mahindi. Mwaka huu nataka kila nyumba ya hapa inipimie kwa debe hili hili. Na lijae."