Mashine Iliyotoka Mbichi

Walimwita Mama Siku Tatu. Kwa miaka ishirini na mbili aliyounda kompyuta katika chumba chake cha ghorofani, hakuna mashine iliyotoka mlangoni kabla ya kupikwa siku tatu mfululizo. Kupika, kwake, ni kuipa mashine mpya hesabu nzito kuliko zote anazozijua, kisha kuiacha itoe jasho. Ikizima, ikigugumia au ikikosea hata hesabu moja, anaifungua upya. Mteja akija juu, anamwonyesha kiti. Akizidi kuja juu, anamwonyesha ngazi.

Katika chumba cha chini alikuwa fundi cherehani, shoga yake wa tangu ujana, mwanamke mwenye mdomo usiojua likizo. Kila akisikia feni zikivuma alipaza sauti: "Haijaiva tu hiyo? Mimi nimeshamaliza suti ya bwana harusi, wewe bado unachemsha mabati!"

Shida ilianza alipokuja binti wa kaka yake, mhandisi wa ofisi ya maji. Mama Siku Tatu ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka sita, na kwa huyo hakuwa na ujanja. Binti alikuwa na kazi iliyomkosesha raha: kukokotoa mto ukifurika utamwaga maji hadi wapi. Kamati ya mji ingekaa baada ya wiki mbili, na kwa jibu hilo ingeamua kama watu wa bondeni wahamishwe kabla ya mvua. Hesabu ilihitaji siku tano bila kusimama, na mashine ya ofisi ilizimika kila ilipofika siku ya tatu, joto limeizidi.

"Nataka yenye kasi kuliko zote, shangazi." Akafungua picha kwenye simu: kasha la kioo, taa za rangi saba.

"Hii unataka ikuhesabie au ikuchezee dansi?"

Wakakaa na karatasi. Binti alitaka prosesa, ule ubongo wa mashine, inayokimbia kupita nyingine. Shangazi akamuuliza kama kazi yake inagawanyika. Inagawanyika, akajibu, vipande maelfu. "Basi usinunue mkimbiaji mmoja. Nunua wabebaji wengi." Akaandika prosesa yenye viini vingi, isiyochemka ovyo. Pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani, akaandika ya uwezo karibu mara mbili ya mahitaji, maana punda anayebeba nusu ya nguvu zake hafii njiani. Feni kubwa zinazozunguka taratibu. Diski mbili zinazoandika kitu kilekile, moja ikifa nyingine isome. Kasha la bati, sura mbaya, hewa tele.

Alipofika kwenye memori, vile vijiti vinavyoshika tarakimu wakati mashine inahesabu, aliweka kalamu chini. Alitaka vijiti vya aina inayojikagua: tarakimu ikigeuka yenyewe humo ndani, vinaigundua na kuirudisha. "Memori ya kawaida haipigi kelele ikikosea," alisema. "Inakupa uongo kwa uso mkavu."

Kila kitu kilipatikana isipokuwa vijiti hivyo. Muuzaji wa jumla alisema mzigo uko njiani, wiki moja na ushei. Binti akahesabu siku kwa vidole.

"Shangazi, kikao hakinisubiri. Nikienda mikono mitupu wataamua kwa kubahatisha. Weka za kawaida. Tafadhali."

Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Haraka haraka haina baraka, methali hiyo kila mtu anaijua, na wengi huikumbuka kesho yake. Mama Siku Tatu alitia memori ya kawaida, akaipika mashine siku moja, ikatulia, akaiachia. Fundi cherehani alipoona inashushwa ngazi alishika kidevu. "Leo jua limechomoza wapi?"

Mashine ilikwenda siku tano bila kukohoa. Jibu likatoka: maji yatakomea barabarani, hayatafika nyumba hata moja ya bondeni. Habari hazikungoja kikao. Fundi cherehani, ambaye nyumba yake huko bondeni ilikuwa ya tatu kutoka barabarani, nyumba aliyoijenga chumba kwa chumba kwa sindano yake, alipanda ngazi mbio akamkumbatia shoga yake mpaka miwani ikapinda.

"Mwanao ameniachia nyumba yangu. Na wewe na mabati yako, Mungu awape umri!"

Tangu hapo Mama Siku Tatu hakutulia tena. Alijua ametoa mashine mbichi. Aliogopa, na aliona aibu kusema kwamba anaogopa. Siku mbili kabla ya kikao alikwenda ofisi ya maji, flashi yenye programu ya kupimia memori mfukoni, akaomba mashine kwa mchana mmoja. Akaijaribu memori kijiti kimoja kimoja. Vitatu vilikuwa vizima. Cha nne kilikwenda sawa saa nzima, kisha kilipopata joto kikakosea mara moja.

"Mara moja kati ya mabilioni," binti alisema. "Labda siku zile hakikugusa kitu."

"Labda."

"Basi?"

"Basi hiyo labda utaiandika ukurasa gani wa ripoti?"

Binti akakaa kitini akalia kwa hasira. Shangazi hakumbembeleza, naye alikuwa na hasira, ila yake ilikuwa ya kujikasirikia mwenyewe.

Siku ya kikao alisimama kabla binti hajafungua mdomo. "Mashine nimeiunda mimi, na nimeitoa kabla ya wakati wake. Jibu mlilosikia lisitumike. Huyu hana kosa." Mjumbe mmoja akaangua kicheko: kumbe Mama Siku Tatu ni Mama Siku Moja! Alivumilia. Vijiti vinavyojikagua vilikuwa vimefika asubuhi ileile, akaomba siku nane: tatu za kupika, tano za hesabu. Wakampa, wakinuna. Wiki hiyo wateja wawili walifuta oda zao, na kutoka chini halikupazwa neno lolote kuhusu mabati. Ukimya huo ulimuuma kuliko kicheko cha mjumbe.

Jibu la pili lilipotoka, binti aliziweka hesabu mbili sambamba akatafuta zilipoachana. Akapaona. Kimo cha kipande kimoja cha tuta la mto kilikuwa kimegeuka ndani ya memori, kikawa mita mbili zaidi ya ukweli. Mashine ilikuwa imezuia maji kwa ukuta ambao haupo. Ukuta huo ukiondolewa, maji yalivuka barabara yakaingia safu tatu za nyumba. Kamati ikakata shauri kwa sauti moja: safu hizo zihame kabla ya mvua, wapewe viwanja upande wa juu.

Mama Siku Tatu hakungoja barua za kuhama zisambazwe. Alishuka ngazi, yeye mwenyewe akamweleza shoga yake, tangu memori hadi viwanja. Fundi cherehani alisikiliza, mkasi mkononi.

"Siku ile nakukumbatia, ulijua?"

"Sikujua. Nilikuwa na wasiwasi, nikanyamaza. Nisamehe."

"Leo sina msamaha," fundi cherehani alisema, akaendelea kukata kitambaa.

Siku ya kuhama, Mama Siku Tatu alifunga chumba akaenda bondeni bila kualikwa. Vyombo vilikuwa vimeshatolewa nje. Shoga yake alisimama mlangoni, hakumsalimu.

"Niambie kitu kimoja. Safari hii mliipika?"

"Siku tatu kamili."

"Na maji yatafika hapa kweli?"

"Yatafika dirishani."

Fundi cherehani aliutazama ukuta wa chumba cha kwanza, akaweka kiganja juu yake, akalia kwa sauti kama mtu aliyefiwa. Mama Siku Tatu alisimama pale pale, naye machozi yakimtoka, asijue aweke wapi mikono. Kisha mwenye nyumba alijifuta uso kwa kiwiko, akaelekeza kidole kwenye kabati.

"Haya, shika upande ule. Na usilibwage, lina vioo."