Alhamisi ya Piera

Kwa miaka thelathini na mmoja Ornella Gasco aliwapikia watoto wa shule huko Mondovì, na hakuna aliyepata kumshika na uongo hata wa chembe. Uongo wake wa kwanza wa maana aliusema akiwa na miaka sitini na mbili, tena kwa dada yake Piera, aliyeacha shule mama yao alipofariki ili amlee yeye.

Wawili hao waliahidiana zamani: siku watakapostaafu wote, watapanda meli kubwa ya abiria pale Genova, wazunguke bahari wiki nzima bila kushika sufuria. Piera alistaafu kwanza, kutoka kiwanda cha vyombo alikokuwa akichora majogoo kwenye sahani. Kisha figo zake zikagoma. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa akawa analazwa kando ya mashine ya kusafisha damu, na habari ya meli haikutajwa tena nyumbani, kama jina la marehemu.

Ornella naye alipostaafu, jirani yake Milva akamwambia, "Shoga, twende sisi. Au unangoja tuzeeke mara ya pili?" Ornella akakubali kabla hajafikiri. Kwa dada yake akasema anakwenda Acqui kukandwa matope ya moto, magoti yanamsumbua.

"Nenda, mdogo wangu," Piera akasema. "Umesimama jikoni mno."

Meli ilikuwa ing'oe nanga Ijumaa, lakini Milva alitaka wafike Genova tangu Jumanne, wapate siku mbili za kutembea. Jumatano walizunguka mpaka miguu ikawaka moto. Milva alipiga picha kila kitu, nguo zilizoanikwa juu ya vichochoro na hata pweza wa sokoni. Ornella alicheka naye, halafu kicheko kikamkatikia mdomoni. Walipoletewa tambi za mchuzi wa pesto, akakumbuka kwamba saa ile ile Piera alikuwa na sindano mbili mkononi.

"Una nini wewe?" Milva akamuuliza. "Unakula kama uko matangani."

"Magoti," akajibu, na akashangaa jinsi uongo unavyozoeleka upesi.

Jioni, wamekaa kwenye benchi bandarini, simu ikalia. Alikuwa Piera.

"Vipi matope?"

"Ya moto, dada. Yanasaidia."

Kabla hajafunga mdomo, meli iliyokuwa ikiondoka ikapiga honi nzito, ya kutikisa kifua.

"Ornella," Piera akasema polepole, "tangu lini Acqui ina bahari?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Ornella iliishia pale pale kwenye benchi. "Niko Genova, dada. Na Milva. Meli ni keshokutwa."

Piera akakata simu. Ornella alimpigia mara sita, haikupokelewa. Alfajiri akavaa koti.

"Narudi Mondovì," akamwambia Milva.

"Na meli je?"

"Sijui."

Piera alimfungulia mlango akiwa na gauni la nyumbani, macho mekundu. "Umefuata nini?"

"Kuomba radhi. Siendi tena. Nitabaki na wewe."

"Thubutu!" Piera akapaza sauti. "Unadhani nimelilia meli? Meli niliizika siku niliyoonyeshwa ile mashine. Nimelia kwa sababu umenifanya mtu wa kufichwa furaha, kama kichaa anayefichwa visu. Mimi niliyekuogesha!"

Ornella alitamani apigwe kofi, yaishe.

"Na sasa unataka ubaki, ili kila nikikutazama niione safari niliyokunyima. Mzigo huo siutaki, jitwike mwenyewe."

Piera akakaa kitini, akihema. Akainua macho kwenye kalenda. "Leo Alhamisi. Alhamisi sina mashine. Ungeniambia tangu mwanzo, saa hii ningekuwa Genova na mimi." Akaanza kutafuta viatu vyake. "Treni inaondoka saa ngapi?"

Milva aliwapokea kituoni uso umemwiva kwa aibu. "Piera, mimi nilidhani unajua..."

"Nyamaza, nionyeshe pa kukaa."

Wakanunua mkate wa mafuta, Piera akatafuna kipembe kimoja tu, maana chumvi alikatazwa, akanywa maji mafunda mawili. Kisha akataka kuona meli. Palikuwa na moja nyeupe imefunga gati, lakini si yao. Yao ilikuwa ifike kesho.

"Meli ni meli," Piera akasema. Akahesabu ghorofa zake mpaka akapotea. "Jiko liko wapi?"

"Chini huko, nadhani."

"Najua. Wapishi hamjaliwi dirisha."

Wakacheka wote. Waliporudi kituoni, kwenye ngazi, Piera akaishiwa nguvu, akamwegemea mdogo wake. Alikuwa mwepesi kama kapu tupu. Hapo ndipo nafsi ilipomsuta Ornella kuliko siku zote. Bahari ilikuwa saa mbili tu kutoka nyumbani. Tangu figo zigome, Alhamisi ngapi zilikuwa zimepita, na hata moja hakufikiri kumleta?

"Nisamehe, dada," akasema mlangoni mwa treni.

"Bado. Nikiwa tayari nitakwambia. Panda meli yako, ule, na usiniletee zawadi. Niletee habari."

Ijumaa meli ilipoondoka, Piera alikuwa kwenye mashine. Abiria walipungia watu mkono. Ornella hakujua ampungie nani. Milva akamletea glasi ya divai. Ilikuwa tamu, na utamu wenyewe ukamuuma.

Siku tatu Piera hakupokea simu. Ya nne, wakiwa Palermo, akapokea.

"Supu yao ikoje?"

"Maji matupu, dada. Na chumvi tele."

"Basi isingenifaa. Endelea."

Ornella akaendelea mpaka sikio likapata moto. Neno la msamaha halikutajwa siku ile, wala baadaye. Lakini aliporudi walianza kwenda baharini pamoja, kila Alhamisi ambayo Piera alikuwa na nguvu. Kabla baridi haijaingia walifikisha tisa. Ya kumi Piera hakuifikia. Ornella huwa anasema tisa si haba, na anayemjua vizuri huacha kumuuliza zaidi.