Waliolia Ndani ya Ndiva

Kwetu, milimani juu ya Same, maji yana zamu. Usiku kucha mfereji hujaza ndiva, bwawa letu la mawe na udongo, na asubuhi mwenye zamu huzibua maji yakashuka shambani kwake. Anayezibua siku isiyo yake ni mwizi. Nimekulia ndani ya sheria hiyo, na siilaumu. Ninaowalaumu ni watu, na hasira hiyo ninayo hadi leo.

Kaka yangu alikuwa bado hajaota ndevu aliposikia kwa mara ya kwanza watoto wakilia ndani ya ndiva. Alirudi nyumbani miguu imelowa.

"Mama, kuna watoto mle chini. Hamsikii?"

Mama alikuwa mjane. Baba alifia kwenye mashamba ya mkonge. Mama alimpeleka kaka kwenye zahanati ya misheni, wakampima, wakasema hana homa. Mchungaji akamwombea. Kaka hakulala. Aliacha kula, aliacha kuoga, alikaa kizingitini akiwajibu watu tusiowaona. Mlima mzima ulijua. Wanawake waliteremsha sauti wakipita kwetu, na watoto wenzangu waliniuliza kama leo kaka yangu ameongea na vyura.

Ukame ulipokaza, alikwenda alfajiri akang'oa gogo la kuzibia. Maji ya kijiji kizima yaliporomoka yakasomba maharage ya jirani yetu. Walimkuta amesimama kwenye tope hadi magotini, mikono ameikunja kama aliyepakata mtoto mchanga.

"Wametoka," alisema, akitabasamu. "Wote wametoka."

"Umewapeleka wapi, hospitali ya Bombo?" mtu mmoja akamuuliza, na wengine wakacheka huku wakimfunga kamba.

Jioni ile baba mkubwa, kaka yake baba, alikuja kwetu. Sisi watoto tulimwamkia, akaitikia marahaba bila kututazama. Alikaa, akala makande ya mama, kisha akasema, "Kesho kule boma la Same tutasema ni jeuri."

"Shemeji, mtoto anaumwa. Unajua."

"Najua. Nani asiyejua? Lakini binti yangu ameposwa. Wakwe wakisikia ukoo huu una wazimu, watageuzia njiani. Na huyu wako mdogo," akaninyooshea kidole, "naye ataolewa na nani? Jeuri hufa na mwenyewe, mama. Wazimu tunahesabiwa sote."

Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayegawa nyama kwa haki. Huo upole ndio nisioweza kuusamehe. Angepiga meza, angetukana, ningesema alikuwa na hofu. Alikuwa ametulia, na bakuli alilimaliza.

Kule boma, bwana shauri, Mzungu aliyeamua kesi, alikaa chini ya bendera ya Waingereza ambayo hata leo ninapoandika bado inapepea pale. Nikiri jambo moja: aliuliza. Kupitia kwa mkalimani aliuliza kama kijana ana akili timamu. Mlango wa kumwokoa ulifunguka, mpana kama wa kanisa, na baba mkubwa akasimama akaufunga.

"Ni mzima, bwana. Ni jeuri tu."

Mama alitazama sakafu. Bwana shauri hakumuuliza kaka hata neno moja. Angemuuliza alisikia nini kabla ya kung'oa lile gogo, angejibiwa, kwa sababu kaka hakuwahi kuficha. Lakini neno jeuri lilimtosha. Jeuri ina kifungu cha sheria na ina dawa iliyo tayari. Kaka alichapwa viboko, akafungwa.

Aliporudi alikuwa kimya. Mlima ukafurahi. "Ametulia," wakasema. "Kiboko ni mwalimu." Harusi ya binti wa baba mkubwa ikafanyika, na kaka ndiye aliyetumwa kuchota maji ya kupikia. Nilimwona mferejini, ndoo chini, ameziba masikio kwa viganja vyote viwili. Nyuma yangu shangazi mmoja alisema, "Mtazameni alivyopata adabu."

Ukame uliofuata, ndiva iliwekewa mlinzi. Kaka alimpiga kwa mpini wa jembe, akamvunja mkono, akang'oa gogo. Yule mlinzi alikuwa na watoto wa kulisha, na mkono wake haukunyooka tena. Siuchezei uchungu wake. Lakini nauliza ni nani hasa aliyemvunja.

Safari hii mama hakusubiri kikao cha mtu yeyote. Tulishuka Same mimi na yeye, baba mkubwa akatufuata nyuma akinung'unika. Zamu ya kusema ilipofika, mama alisimama.

"Mwanangu ni mgonjwa," alisema. "Ni mgonjwa wa akili. Mwaka jana pia alikuwa mgonjwa."

Mkalimani hata hakutafsiri kwanza. "Mama, mwaka jana mlisema mzima. Ugonjwa gani huu unaokuja siku ya kesi?"

Watu waliangua kicheko. Alipotafsiri, bwana shauri alitikisa kichwa, akaandika kifungo cha miaka kadhaa.

Kaka peke yake hakucheka wala hakumtazama bwana shauri. Alikuwa amemgeukia mama, uso wake umekunjamana kama wa mtu anayejaribu kusikia kitu cha mbali.

"Mama, mimi naumwa?"

"Unaumwa, mwanangu."

"Kwa hiyo wale watoto..."

"Hakuna watoto."

"Mbona hamkuniambia?"

Askari akamvuta mkono. Tulikuwa tumejua wote, mlima mzima, wazee kwa watoto, na mwenyewe ndiye aliyeachwa nje ya habari yake. Alipigana na mtu mzima kuokoa roho za watoto, akidhani sisi ndio tusio na huruma.

Nje, baba mkubwa alikuwa ameshachukua fimbo yake. "Twendeni," alisema, "jua halijawa kali. Yamekwisha."

Mama aliketi chini, palepale mlangoni pa boma, akanyoosha miguu kama wanavyoketi wanawake nje ya zahanati.

"Nenda wewe, shemeji," alisema. "Mimi nina mgonjwa humu ndani."