Ukurasa wa Tatu wa Barua ya Mama Josefina

Hii mambo sijawahi kuisimulia kwa hiari yangu, kwa sababu watu wa Rumonge hawakungoja niwasimulie, waliona wenyewe mchana kweupe, lakini ninyi mulikuwa hamujafika huku, basi afadhali muisikie kwangu mwenye aibu kuliko kuisikia sokoni imeongezwa chumvi.

Mimi nilikuwa mugonjwa wa kusoma. Niliingia sekondari ya masera, wale watawa wa kike, miaka kidogo baada ya uhuru, na tangu hapo kila kitu chenye maandiko nilikisoma, gazeti lililofungia sabuni, karatasi ya dawa, hata kalenda ya mwaka uliopita. Mama yangu alikuwa anasema, "Lusia, bwana atakayekuoa wewe atakula karatasi" (maharagi niliyounguza mwaka ule, acha tu). Lakini katika mutaa wetu kujua kusoma hakukuwa mali yako peke yako. Wamama wengi hawakusoma, kwa hiyo barua ikishuka na kamyoneti ya Bujumbura inaletwa kwangu, na barua za kwetu munazijua, kurasa mbili ni salamu tu, nasalimu mama mudogo, nasalimu jirani wa mbele na wa nyuma, nasalimu mbuzi kama iko mzima, na mara nyingine neno lenyewe haliko, ni salamu mpaka kwenye jina.

Siku ile ilikuwa likizo, niko nimeketi nyuma ya nyumba na kitabu cha Kifaransa, kurasa mia ine, na masera mwenye kuniazima angepita kukichukua kesho yake asubuhi. Nilibakiza kurasa kama makumi matatu, na mule kitabuni mutu ambaye wote walisema amekufa alikuwa amesimama mulangoni, bado hajasema neno. Hapohapo ndipo Mama Josefina akaingia.

Huyu Mama Josefina, tulimuita kwa jina lake mwenyewe la ubatizo, ni jirani yetu, mujane, mutu wa upande wa Uvira, anaanika ndagala, zile samaki ndogo za ziwa, na kuziuza. Mutoto wake mumoja tu, Adela, tulikua pamoja. Adela alikuwa anatakwa na fundi mumoja wa cherehani wa Bujumbura, na wazee wa kijana walikuwa wameahidi kuandika.

"Amahoro, Lusia wangu," akasema. "Barua iko hii. Niangalilie kama wametaja siku."

Nikafungua. Kurasa ine. Ya kwanza salamu, ya pili salamu, nikaruka nikaenda ya ine, nikakuta salamu tena na jina la baba mukubwa wa kijana. Ile ya tatu sikuigusa. Yule mutu alikuwa ananingoja mulangoni.

"Salamu tu, mama. Wako wazima. Siku watasema mara nyingine."

"Murakoze, mutoto wangu," akasema, na akaniachia ndagala katika jani la mugomba, kwa kazi yangu. Nilizichukua. Hilo ndilo linaniuma mpaka leo, kwamba nilizichukua na nikazila.

Jumamosi, saa sita, kamyoneti ikasimama mbele ya kwao. Wakashuka watu saba, wazee wenye koti na wamama wenye vitenge vipya, na vikapu vimefunikwa kitambaa cheupe. Nyumba ilikuwa inakandikwa upya, vitanda viko nje, hakuna kiti, hakuna pombe ya ndizi, hakuna hata moto. Adela alikuwa amesukwa upande mumoja, upande mwingine nywele zimesimama. Mama Josefina wakamuita kando ya ziwa, akaja anakimbia miguu wazi, mikono inanuka samaki, akakosa hata mukono wa kuwapa wageni, akawapa kiwiko. Na mimi, mwenye akili nyingi, nikatoka kuangalia nini iko, na kitabu kingine kwapani.

Baba mukubwa wa kijana hakukaa. "Tuliandika," akasema. "Barua haikufika?"

"Ilifika," Mama Josefina akasema. "Huyu mutoto wa masera alinisomea. Ilikuwa salamu." Akaingia ndani akaileta, ilikuwa imefungwa vizuri katika kitambaa chake cha misa, akaniwekea mukononi. "Wasomee, Lusia. Wasikie."

Mutaa wote ulikuwa umejaa pale uani. Nikaanza na salamu, polepole, sijawahi kusoma salamu polepole namna ile, nikafika mwisho wa ya pili na vidole vyangu, wallahi, vikataka kwenda ya ine tena.

"Usiruke," muzee akasema. "Ni mimi niliyeiandikisha, naijua."

Nikafungua ya tatu. Nikamunyoshea muzee karatasi. Basi akaisema yeye mwenyewe, akiangalia mbele, neno kwa neno: Jumamosi hii saa sita tutakuja kubisha hodi kwa mutoto wenu Adela, kama hamuko tayari mutujulishe mapema, kusudi tusije tukakuta mulango umefungwa.

Mwanamke mumoja nyuma yangu akasema, "Na Kifaransa chote kile." Mwingine akacheka.

Mama Josefina hakuniangalia. Aliwaambia wageni, "Kosa ni langu, wazee. Ni mimi nisiyejua kusoma." Akawaletea maji. Hawakuyanywa. Vikapu vikarudi kwenye kamyoneti vimefunikwa vilevile, na mbele ya Noeli tukasikia fundi ameoa huko Muhuta.

Kisha Adela akaja kwangu na kaye mupya, daftari la kuandikia. "Nifundishe," akasema. "Na usifikiri nimekusamehe." Nilimufundisha miezi sita, hakucheka nami hata siku moja, na leo barua zote za mutaa zinaenda kwake. Anasoma na kidole, salamu zote, hata za mbuzi.

Kwangu haiji mutu tena. Niko na wakati wote wa kusoma niliokuwa nautaka. Nimeapa karatasi ya mutu sitairuka hata nukta, lakini hakuna anayeniletea. Kile kitabu nilikimaliza jioni ileile ya ndagala, na mukiniuliza yule mutu wa mulangoni alisema nini, sikumbuki. Ile barua naijua kwa moyo, kurasa zote ine.