Siku Tulipomvusha Mama

Mwezi wa tatu huku kwetu Ufipa una harufu yake. Ni harufu ya nyasi mbichi zilizofukiwa, zikianza kuoza. Wakati huo udongo ni laini, na watu hukata majani marefu, wakayageuzia chini na kuyafunika, mpaka shamba zima linajaa vilima vidogo vya mviringo vinavyofika gotini. Vilima hivyo tunaviita ntumba. Mvua ikinyesha juu yake, harufu hupanda na kuingia hata ndani ya gari lililofungwa vioo. Nilikuwa darasa la tatu. Mwaka huo mvua haikupumzika, na mwaka huo mama alifia hospitalini Sumbawanga, tukamrudisha nyumbani upande wa Mwimbi.

Gari lilikuwa la baba mdogo, pikapu ya kubebea bidhaa za duka lake la Majengo. Alikuwa amefunga matawi mabichi mbele, kama inavyofanywa kwa gari la msiba, lakini upepo na tope viliyang'oa kabla hatujafika mbali. Baba alikaa naye mbele. Mimi na shangazi tulikaa nyuma chini ya turubai, jeneza likiwa kati yetu. Shangazi aliniambia niweke mkono juu yake lisitikisike. Nikauweka. Wakati tunaondoka watu walinitazama wakingoja nilie, na mimi nilingoja pia, lakini hakuna kilichokuja. Nilisikia tu miguu yangu ina baridi.

Haraka yetu ilikuwa moja. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa, na mtu alipiga simu kusema linajaa maji. Wanaume walikuwa wanayachota kwa ndoo, na maji yanarudi. Tukichelewa kingo zitabomoka. Baba alisema maneno machache sana siku ile, na mengi yalikuwa hayo: tumfikishe kabla kaburi halijabomoka.

Tulipofika bondeni barabara haikuwepo. Yalikuwepo maji ya rangi ya chai ya maziwa, yametulia kama hayaendi popote. Ng'ambo walikaa vijana kwenye ukingo, wale wanaosubiri magari yakwame wayasukume. Niliinua turubai nikachungulia.

"Simamisha," baba alisema. "Nishuke niyapime kwanza."

"Kaka, tutachelewa. Ntumba si hizo zinaonekana? Katikati yake ndiyo barabara."

Baba alitazama. Vichwa vya ntumba vilikuwa vimetoka juu ya maji, safu mbili, na kati yake nafasi ya upana wa gari. Sisi sote tumekua tukijua kwamba hakuna mtu anayelima ntumba barabarani, na mvua ikifunika njia tunaitafuta kwa kutazama zinapoishia. Baba akaacha kushuka.

Lakini barabara pale ina kona, na mwenye shamba alikuwa amechimba mfereji wa kutoa maji shambani mwake. Mfereji ulikwenda moja kwa moja, ntumba huku na ntumba huku. Baba mdogo aliingia kwa kasi, maji yakaruka mpaka kwenye turubai, na palipokuwa na kona yeye hakukata. Tairi la kushoto likazama. Gari likalala upande. Jeneza likateleza na kunibana mkono kwenye bodi.

Ng'ambo wakacheka.

"Oya mshikaji, hilo ni gari au mtumbwi?"

"Wa mjini huyo, mwacheni aoge!"

Baba mdogo akaachia mafuta, na gari likazima. Maji yalianza kupenya kwenye sakafu ya bodi, polepole, yakielekea kwenye ubao wa jeneza. Shangazi alivua kanga yake ya juu akaisokota, akaiweka chini ya jeneza kuyazuia. Baba akafungua mlango, akasimama ndani ya maji na suruali yake ya msiba, akasema bila kupaza sauti sana, "Vijana, tuna marehemu humu."

Kicheko kilikatika. Mmoja alivua kofia. "Tusamehe, mzee. Hatukuona matawi." Wakaingia majini na nguo zao. Aliyekuwa mrefu kuliko wote akasema, "Kwanza marehemu. Gari baadaye."

Walilibeba jeneza mabegani. Baba alitangulia na mpini wa jembe alioazima kwa vijana, akichoma chini mbele yake, akisimama, akichoma tena, na wao wakifuata alipokanyaga. Maji yaliwafika juu kidogo ya magoti. Shangazi alinishika mkono ule uliobanwa, nami sikumwambia kwamba unauma.

Wakarudi kulitoa gari mferejini. Wakafuta plagi kwa kitambaa, wakafungua mkanda wa feni ili feni isirushe maji kwenye injini, na yule mrefu akamwelekeza baba mdogo kama anavyoelekezwa mtoto: "Gia ya kwanza. Mafuta yasipungue. Usibadili gia, usisimame, mfuate mzee anapopita. Ukitoka, kanyaga breki kidogo kidogo zikauke." Baba mdogo aliitikia kila neno. Akavuka taratibu, baba akiwa mbele ya gari ndani ya maji.

Jeneza likapakiwa tena, tukafika wanaume bado wanachota. Upande mmoja wa kaburi ulikuwa umemeguka, lakini lilimtosha. Shangazi alipapasa chini ya jeneza, akamwambia baba, "Maji hayakuingia." Baba aliitikia kwa kichwa. Wakamzika. Sala zilizosomwa sizikumbuki, wala nyimbo. Nilisimama pale nikirudia moyoni: mafuta yasipungue, usibadili gia.

Sasa naendesha pikapu, nabeba mahindi kutoka Pito na vijiji vya mbali zaidi. Pale bondeni pamewekwa kalavati na tuta la changarawe, na abiria hupapita wakiongea na simu. Yapo mabonde mengine. Nikikuta maji nasimama, navua viatu, naingia mwenyewe na fimbo. Safari iliyopita mama mmoja mwenye magunia alinikaripia: "Wewe kijana mwoga! Si unaona njia ile pale?" Nilipomaliza kupima nikamvusha, na alipokuwa anashuka alisema ninaendesha vizuri.

Madereva wadogo huniuliza, nami ambaye kusema kwangu ni shida nawaeleza kwa kirefu: maji yakienda kwa kasi usiingie hata kama ni ya goti, yakiwa yametulia yapime, na kama huoni chini ngoja. Naweza kueleza hivyo mpaka chai ipoe. Wakati mwingine, kwa kuwa wamezoea kuniuliza, huniuliza pia mama yangu alikuwa mtu wa namna gani. Nawaambia alikuwa mrefu.